UZI: Tumejaribu gesi mbadala ya R-404A (gesi ya kupozea friji na friza) kwenye supamaketi hapa Dodoma, njooni muone vipimo

#1 Fundi Baridi Dom

Mbukwenyi wakuu.

Haipiti wiki bila mtu kuuliza humu, "R-404A imekuwa ghali, niweke gesi gani?" Na haipiti saa moja anajibiwa kwa jina la gesi, basi, kama mtu aliyeomba dawa ya kikohozi dirishani. Hakuna anayemuuliza kompresa yake ni ipi, ina oili gani, ni friza ya nyama au kabati la maziwa, duka liko Tanga au liko Dodoma. Sisi tumejaribu kwa mita na mizani, nikaona nilete uzi mrefu ili akiuliza mwingine mumtume huku. Mods, naomba usiunganishwe na ule wa AC za magari.

Duka ni supamaketi ya saizi ya kati hapa mjini. Mwenye duka kasema nisilitaje, na silitaji. Nyuma ya jengo kuna kompresa tatu kwenye fremu moja, zinalisha makabati ya maziwa, friza za nyama na samaki, na chumba baridi kimoja. Gesi ni R-404A tangu siku ya kwanza.

Kwa nini kubadili? R-404A haitoboi ozoni, ndiyo maana ilipokelewa kwa mikono miwili wakati R-22, gesi ya zamani inayotoboa ozoni, inaanza kuondolewa. Shida yake ni kupasha dunia joto. Kilo moja ikivuja ni sawa na kutoa hewani kilo 3,922 za kaboni dayoksaidi. Chukua mfumo wenye kilo 100 unaovuja kilo 20 kwa mwaka, na mivujo ya namna hiyo ni ya kawaida kabisa kwenye maduka, hapo umeshatoa tani 78. Gesi tuliyojaribu, R-449A, ina namba 1,397. Mvujo uleule ungekuwa tani 28. Bado ni nyingi, sikatai.

Halafu kuna suala la upatikanaji. Oktoba 15, 2016 nchi zilikubaliana Kigali, hapo jirani, kupunguza gesi za jamii hii. Kundi letu la nchi zinazoendelea ratiba yake ni kuganda mahali lilipo 2024, kushuka asilimia 10 ifikapo 2029, 30 ifikapo 2035, 50 ifikapo 2040 na 80 ifikapo 2045. Ulaya walishafunga mlango: tangu 2020 friji mpya za dukani zenye gesi ya namba 2,500 kwenda juu haziingii sokoni kule. Kiwanda hakiwezi kuendelea kutengeneza gesi ya wateja wanaopungua kwa bei ya zamani. Anayefunga mfumo mpya wa R-404A leo anajifungia deni.

Sasa jaribio lenyewe.

Kitu cha kwanza tulichogusa hakikuwa gesi. Tuliosha kondensa, ile koili ya nje inayotoa joto. Vumbi la Dodoma mnalijua, hasa upepo ukishaanza Juni. Mapezi yalikuwa yamevaa vumbi jekundu mpaka ukimulika tochi upande wa pili huoni mwanga. Tukabadilisha raba za milango ya friza zilizochoka, tukajaza nitrojeni na kupaka povu la sabuni kila kiungo, tukakuta nati zinapumua, tukazikaza. Baada ya hapo tukarudisha R-404A ileile na kuanza kupima.

Hapo ndipo majaribio mengi ya mtaani yanaharibika. Fundi anakuja siku moja, anaosha kondensa, anaziba mivujo, anaweka gesi mpya, mwezi unaofuata bili ya umeme imeshuka, anapiga picha anaiweka WhatsApp: "Gesi hii kiboko!" Gesi imepewa sifa za ufagio. Kwetu, sehemu kubwa ya umeme uliookolewa ilionekana kabla mtungi wa R-449A haujafunguliwa.

Mita tulifunga kwenye laini ya kompresa na feni zake peke yake. Ukisoma LUKU ya duka zima unapima oveni ya mikate, taa na AC ya ofisi ya bosi. Vipima joto tuliweka kivulini karibu na kondensa, kwenye bomba la kunyonya, kwenye bomba la kutolea la kila kompresa, na ndani ya bidhaa zenyewe: kwenye kabati la maziwa kipima kinazama ndani ya chupa ya maji iliyopangwa katikati ya pakiti, kwenye friza kinachomekwa katikati ya pakiti ya nyama. Joto la hewa ya kabati linarukaruka kila mteja akifungua mlango. Nyama haidanganyi.

Joto la nje ni lazima liandikwe. Usiku wa Julai hapa unashuka mpaka 13 au 14, mchana wa Novemba unapita 30. Ukipima gesi ya zamani Julai na mpya Novemba, mpya itashindwa hata kama imeshushwa na malaika. Sisi tulichora vitone: chini joto la wastani la siku, pembeni umeme uliotumika siku hiyo. Vitone vya gesi ya zamani rangi ya bluu, vya mpya vyekundu. Unalinganisha siku zenye joto moja, basi.

Kisha tukanyonya R-404A yote kwa mashine na kuirudisha mtungini. Msipeperushe, nawaomba. Tukaipima kwa mizani, tukabadilisha draya (chujio la unyevu), tukavuta vakyumu, tukachaji R-449A ikiwa maji, si mvuke. Ni mchanganyiko wa gesi nne na kila moja ina haraka yake. Ukichaji mvuke, zile nyepesi zinatangulia na unabaki na mtungi wa kitu kisicho na jina. Anza na uzito pungufu kidogo ya ule ulioutoa, ongeza polepole huku ukiangalia kioo cha bomba la gesi maji na vipimo.

Na hapa niseme jambo linalowatesa mafundi wanaopanda kutoka Pwani. Dodoma iko kama mita 1,120 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ina mgandamizo wa baa 0.88 hivi, kule Dar ni baa 1.01. Geji ya kawaida inasoma tofauti kati ya bomba na hewa iliyoizunguka. Matokeo yake ni mawili.

La kwanza, ukivuta vakyumu sindano haitafika inchi 30. Itagota kwenye 26 hivi. Nimemwona mtu akibadilisha pampu nzima kwa sababu hiyo, pampu ilikuwa nzima kama ilivyotoka dukani. Tumia kipimo cha maikroni, kinachosoma vakyumu halisi, shuka chini ya 500, funga valvu na uangalie kama inapanda.

La pili ni baya zaidi kwa sababu halionekani. Jedwali la mgandamizo na joto limeandikwa kwa usawa wa bahari. Upande wa mgandamizo mkubwa tofauti hiyo ni ndogo, hutaihisi. Ila kwenye friza inayochemsha gesi kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, inakupotosha kama digrii moja na nusu. Unadhani supahiti (digrii ambazo mvuke umezidi joto la kuchemkia) ni 6, kumbe ni 7 na nusu, koili inanyimwa gesi na unamlaumu mwenye kiwanda. Weka kimo cha mahali kwenye geji ya dijitali kama ina sehemu hiyo, au punguza mwenyewe baa 0.13 kwenye unachosoma kabla ya kwenda kwenye jedwali.

Hewa nyepesi ina madhara kwenye kondensa pia. Feni inazunguka kasi ileile lakini uzito wa hewa inayopita ni pungufu kama asilimia 12 ukilinganisha na Dar. Katalogi haikwambii hilo mpaka ufike kurasa za nyuma. Kondensa ya "kutosha" kwa Dar, huku mchana wa Novemba inahema.

Matokeo. Makabati ya maziwa: hakuna mteja wala muuzaji aliyejua kama kuna kilichobadilika, joto la bidhaa lilikaa palepale, na vitone vyekundu vimekaa chini kidogo ya vya bluu. Nimeridhika. Friza: zinafika, ila saa za jua kali kompresa inafanya kazi muda mrefu zaidi, na bomba la kutolea limepanda digrii kumi na ushee kuliko ilivyokuwa kwa R-404A. Hilo lilitarajiwa, gesi hii inatoka kwenye kompresa ikiwa ya moto zaidi. Kanuni ya zamani ya mafundi ni kwamba ukipima bomba sentimita 15 kutoka kwenye kompresa lisizidi nyuzi 107, la sivyo oili inaanza kuungua. Mchana tulikuwa tunalisogelea. Tukaongeza feni inayopuliza kichwa cha kompresa ya friza na kuziba njia ambayo hewa ya moto ya kondensa ilikuwa inajirudia chini ya bati. Ikashuka.

Kwa hiyo msimamo wangu: mfumo wa R-404A uliopo, mzima, usiovuja, R-449A au ndugu yake R-448A inafaa. Haziwaki, oili ni ileile ya POE (ya sintetiki), valvu zinazoingiza gesi kwenye koili unazirekebisha tu. Ila kama mfumo wako unavuja na hujaosha kondensa tangu ufungue duka, usinunue gesi yoyote. Nunua sabuni.

Karibuni.

#2 Ngoja Waje

Nimeweka kambi hapa. Karanga na maji ninayo.

#3 Geji Kariakoo

Mkuu heshima kwako, umeandika kwa mpangilio. Ila mimi naona mmezunguka mbuyu. Unatoka namba 3,922 unaenda 1,397, halafu miaka kumi mbele unabadilisha tena. Wenzetu wamehamia kaboni dayoksaidi moja kwa moja, namba yake ni 1, bei yake ni ya kutupa, ndiyo hiyohiyo ya soda. Afrika Kusini hapo supamaketi zinaendeshwa nayo. Sisi kwa nini tuokote makombo?

#4 Fundi Baridi Dom

@Geji Kariakoo swali zuri, na sipingi kwamba huko ndiko mbele. Lakini huwezi kuiweka kwenye mfumo wa zamani hata kidogo, ni mabomba mapya, kompresa mpya, kila kitu. Jaribio letu lilikuwa la duka lililopo.

Kwa duka jipya tuongee. Kaboni dayoksaidi ikizidi nyuzi 31 haigeuki kuwa maji tena hata uibane vipi, na hapo mgandamizo wake ni baa 74. Mchana wa Oktoba na Novemba hapa joto la nje linafika hapohapo, na gesi inatoka kwenye kondensa ikiwa na joto zaidi ya hewa. Inabidi uendeshe mfumo kwa baa 90 au zaidi, na umeme unapaa. Ipo mitambo ya kusaidia, ejekta na kompresa ya pembeni, ndiyo inayofanya nchi za joto ziiweze. Sasa niambie, ejekta ikiharibika Jumamosi jioni, spea inatoka wapi?

Dodoma kwa hili tuna nafuu kuliko nyie wa Dar. Usiku wetu ni wa baridi, na hewa ni kavu, kwa hiyo ukilowanisha hewa inayoingia kwenye kondensa inashuka joto sana. Dar na unyevu ule huambulii kitu. Ila tena maji yenyewe ni ya visima vya Mzakwe, mnajua chumvi yake. Pedi zitaota mawe meupe usipoyachuja.

Na kuna kukatika kwa umeme. R-449A ikilala bila umeme inakaa tu. Kaboni dayoksaidi ikilala kompresa zimezimwa joto linapanda, kwenye nyuzi 20 tu iko baa 57. Kama mfumo haukujengwa kuhimili hilo, valvu ya usalama inafunguka na gesi yote inaenda hewani. Wanaojenga vizuri wanaweka kimashine kidogo chenye jenereta yake cha kuipooza. Bosi ambaye amegoma kununua raba za milango atakubali hicho?

#5 Geji Kariakoo

Hapo kwa bosi umenimaliza. Ila nasimama na neno langu kwa duka jipya.

#6 Binti wa Chimwaga

Habari zenu. Mimi niko chuo hapa, nasoma mambo haya kwa vitabu zaidi kuliko kwa spana, mnisamehe.

Naongezea kwenye alichosema mleta mada kuhusu kupima. Marekani, chama cha watengenezaji wa mashine za baridi, AHRI, kilianzisha mwaka 2011 mpango wa kujaribu gesi mbadala kwa pamoja. Walitenganisha aina mbili za majaribio: unaweka gesi mpya bila kugusa chochote, au unaruhusiwa kurekebisha vitu vidogo kama valvu na kiasi cha gesi. Gesi ileile inaweza kuonekana mbovu kwenye jaribio la kwanza na nzuri kwenye la pili. Kwa hiyo mtu akikwambia "nilijaribu ikashindwa", muulize aligusa valvu au hakugusa. Maabara ya Oak Ridge kule Tennessee nao walijenga mfumo mzima wa supamaketi ndani ya maabara, kompresa na makabati, wakalinganisha R-404A na mchanganyiko uliokuja kuitwa R-448A. Walichokifanya ni hichohicho cha huyu mkuu, tofauti ni kwamba wao wanaweza kuamua leo nje kuna joto kiasi gani.

Jambo jingine. Makabati mengi ya dukani yanapimwa kwa kiwango cha ISO 23953, daraja la 3: ndani ya duka nyuzi 25, unyevu asilimia 60. Supamaketi zetu nyingi hazina AC upande wa wateja. Ile karatasi ya matumizi ya umeme iliyobandikwa kwenye kabati jipya ni ya duka lenye ubaridi ambao sisi hatuna. Lipo daraja la 4, nyuzi 30 na unyevu 55, ndilo la kuuliza mnaponunua.

Swali kwa mleta mada: mlisomaje supahiti, maana R-449A haichemki kwenye joto moja?

#7 Fundi Baridi Dom

@Binti wa Chimwaga dada, ungekuja site ungenisaidia sana.

Ni kweli, na hapa ndipo vijana wengi wanapopotea. R-404A ukiisoma kwenye jedwali inachemka karibu kwenye joto moja, tofauti haifiki hata digrii moja. R-449A kwa mgandamizo uleule inaanza kuchemka kwenye joto fulani na tone la mwisho linaisha digrii tano hivi juu yake. Kwa hiyo jedwali lina safu mbili. Supahiti unatumia safu ya tone la mwisho. Kupima gesi iliyogeuka maji baada ya kondensa, unatumia safu nyingine, ya inapoanza kuchemka. Ukichanganya safu, unafungua valvu kupita kiasi, gesi maji inarudi kwenye kompresa, na kompresa haijui kutafuna maji. Nimechapisha jedwali lenye safu hizo mbili nikalibandika ndani ya mlango wa paneli.

#8 Mama Samaki Majengo

Hamjambo wanangu. Mimi nina friza zangu mbili hapa sokoni Majengo. Gesi iliisha, fundi akaja na mtungi mdogo wa gesi ya kupikia akaniwekea, akasema ndiyo hiyohiyo ya kisasa, propani, tena haina madhara kwa hewa. Friza inagandisha vizuri kuliko mwanzo. Nyie mnazungusha maneno mengi, mbona mimi nimetumia elfu kadhaa tu?

#9 Fundi Baridi Dom

@Mama Samaki Majengo shikamoo mama. Fundi wako hajakudanganya yote, amekudanganya nusu.

Propani ni gesi nzuri sana ya baridi. Jina lake la kazi ni R-290, namba yake ni 3 tu, na makabati mengi mapya yanayochomekwa ukutani yanakuja nayo. Inagandisha vizuri, umeona mwenyewe. Lakini ile ya friji ni safi na kavu. Ya jikoni ni propani iliyochanganywa na butani, na imetiwa kemikali ya salfa ili inuke ikivuja. Unyevu na salfa vinakaa ndani ya kompresa yako vikila taratibu.

Kubwa zaidi ni moto. Friza iliyotengenezwa kwa R-290 swichi zake zimefungwa zisitoe cheche kwenye gesi, na kiasi cha gesi kinabanwa. Kwa muda mrefu kiwango cha kimataifa kiliruhusu gramu 150 tu kwa kabati la biashara, mwaka 2019 ndipo kikapanda mpaka karibu gramu 500. Sababu ni hesabu: gramu 38 za propani kwenye mita moja ya ujazo ya hewa zinatosha kushika moto. Friza yako haikujengwa kwa hiyo. Termostati yake inapiga cheche kila ikiwaka na kuzima. Ikivuja usiku ukiwa umefunga kibanda, asubuhi unafungua mlango na kuwasha taa.

Angalia kibandiko nyuma. Kikiwa kimeandikwa R-600a au R-290, mwite fundi aweke gesi hiyo yenyewe, kwa mizani. Kikiwa R-134a au R-404A, atoe hiyo ya jikoni, akiwa nje, hakuna jiko la mkaa karibu. Na kwa sasa, mama, usifunge kibanda bila tundu la hewa chini, propani ni nzito, inatambaa sakafuni.

#10 Mama Samaki Majengo

Mh. Jiko la mkaa liko hatua mbili, ndilo nakaangia. Namwita sasa hivi.

#11 Mkweli wa Kizota

Chai tupu. Mimi nina miaka kwenye hii kazi, nachanganya R-22 kidogo kwenye R-404A inapopungua na inafanya kazi. Mita na vitone vya rangi ni vya kumwonyesha mzungu.

#12 Fundi Baridi Dom

@Mkweli wa Kizota inafanya kazi, sikatai. Lakini siku ukitaka kusoma supahiti ya mchanganyiko wako unatumia jedwali gani? Na ukiinyonya, hakuna atakayeipokea, maana hakuna anayejua ni nini. Hiyo R-22 yenyewe ratiba ya Montreal, ule mkataba wa kulinda ozoni, inaibana hatua kwa hatua: kwa nchi zetu 2025 ni punguzo la asilimia 67.5, na 2030 inabaki chembe ya matengenezo tu. Unaongezea kitu kinachoisha kwenye kitu kinachoisha.

#13 Zabibu Mpunguzi

Wakuu, nina chumba baridi kidogo cha zabibu huku Mpunguzi, kina kompresa ya zamani ya R-22. Naweza kuruka moja kwa moja kwenda hiyo R-449A?

#14 Fundi Baridi Dom

@Zabibu Mpunguzi unaweza, ila si "moja kwa moja". Kompresa za R-22 nyingi zina oili ya madini, na gesi hizi mpya haziibebi, oili inabaki kwenye koili na kompresa inakauka. Inabidi umwage oili, uweke POE, uendeshe, umwage tena. Badilisha raba za ndani za valvu pia, zinasinyaa gesi ikibadilika na kuanza kuvuja. Kama kompresa imechoka, piga hesabu ya mashine ndogo mpya ya R-290 inayokaa ukutani. Kwa chumba kidogo mimi ningeenda huko.

Kwa zabibu angalia na unyevu. Zinataka joto la sifuri au chini yake kidogo na unyevu zaidi ya asilimia 90, na hewa ya Dodoma imekauka. Koili ndogo inayofanya kazi ya baridi kali itakunyonya maji yote na vikonyo vitakuwa kahawia kabla ya wiki. Omba koili kubwa, feni ya taratibu.

#15 Bosi wa Duka

Nimesoma kimya kimya. Nina duka Nkuhungu, R-404A, saizi kama hiyo. Maswali mawili: nifanye lini, na nitajuaje mtungi ninaouziwa ni wenyewe? Mwaka jana niliuziwa gesi ikawa haifanyi kazi, muuzaji akahama simu.

#16 Fundi Baridi Dom

@Bosi wa Duka pole bosi.

La mtungi lina hatari kuliko hasara ya pesa. Mwaka 2011 kontena za baridi za meli zililipuka baada ya kujazwa R-134a bandia iliyokuwa na kloridi ya methili, watu wakafa. Gesi ile inakutana na alumini ya kompresa, inatengeneza kitu kinachowaka chenyewe kikigusa hewa. Kwa hiyo mtungi bila namba ya kundi la uzalishaji, bila jina la kiwanda, na bei ya kushangaza, uache dukani.

Kipimo cha kwanza ni rahisi. Acha mtungi ulale ndani usiku kucha, asubuhi pima joto la chumba, funga geji, linganisha na jedwali. R-134a halisi kwenye nyuzi 25 jedwali litasema baa 5.6, huku kwetu geji itasoma karibu 5.8 kwa sababu ile ya mwinuko. Ikisoma mbali na hapo, rudisha. Ikisoma sawa bado hujamaliza, maana waghushi wanajua kuchanganya mpaka mgandamizo ufanane. Kipo kifaa cha kutambua gesi, ni ghali, ila mafundi kadhaa mkichangiana mnakipata. Mnunue kwa anayekupa risiti na anayepatikana kesho.

La wakati: usifanye Oktoba mpaka Desemba. Ukikosea kurekebisha valvu wakati wa joto, nyama ya duka zima inayeyuka mkononi mwako. Anza kupima na gesi ya zamani Machi au Aprili, badilisha Juni au Julai, endelea kupima mpaka joto la Novemba lipite. Anza na makabati ya maziwa kama yana kompresa zake, friza zifuate. R-404A utakayoitoa usiiuze, iweke kwenye mtungi wake kwa ajili ya friza ambazo bado hujazigusa.

Na ukimaliza, bandika karatasi kwenye fremu ya kompresa kwa herufi kubwa: jina la gesi mpya, kilo ulizoweka, aina ya oili, tarehe, na namba ya simu ya fundi. Ile ya zamani inayosema R-404A ing'oe kabisa. Fundi mwingine atakuja siku haupo, atasoma kibandiko, ataongeza alichosoma.

#17 Bosi wa Duka

Nimekuelewa. Kondensa naosha Jumamosi hii, mita nakutumia picha PM unambie kama inafaa.